Kuchagua amplifaya ya tyubu ya mtindo wa zamani: mwongozo kamili kwa mpiga gitaa

Mpiga gitaa anayetafuta amplifaya ya tyubu, yaani inayokuza sauti kwa chupa za kioo zinazowaka badala ya transista, huanza na jina. Anataka Fender, anataka Vox, anataka Marshall, kwa sababu ndizo alizoziona jukwaani. Mimi naanza kwingine: unapiga wapi, na umeme wa huko ukoje? Ukijibu maswali hayo mawili kwa ukweli, majina mengi yanajiondoa yenyewe, na pesa inabaki ya kununulia spika nzuri.

Mtindo wa zamani ninaousema ni ule wa sakiti zilizochorwa Marekani na Uingereza kuanzia miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960. Nobu chache, njia fupi kutoka kwenye jeki ya gitaa hadi kwenye spika, na hakuna menyu ya kuchagua chochote. Mashine yenyewe inaweza kuwa ya miaka hiyo kweli, toleo jipya la kiwandani, au kazi ya fundi anayeunganisha kwa mkono akifuata mchoro uleule.

Hatua ya 1: Pima ukumbi kabla ya kuhesabu wati

Wati zinadanganya. Ukiongeza wati mara mbili unapata desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti ndogo kwa sikio. Ili sauti isikike kubwa maradufu unahitaji karibu mara kumi ya wati. Kwa hiyo amplifaya ya wati 50 si kubwa mara kumi kuliko ya wati 5. Sikioni ni kama mara mbili. Kinachotofautiana sana ni mahali sauti inapoanza kukwaruza.

Na utamu wa tyubu uko hapohapo. Ikisukumwa karibu na kikomo chake haikati sauti ghafla, inaibana polepole, na mikwaruzo inafuata uzito wa vidole vyako. Punguza volyumu ya gitaa, sauti inasafika. Chapa nyuzi kwa nguvu, inanguruma. Lakini lazima ifanyishwe kazi. Anayenunua wati 85 kwa ajili ya chumba cha kulala ataishia kuiacha volyumu kwenye 2 miaka yote, na hatajua alichonunua.

Kwa nyumba ya kupanga yenye kuta za pamoja, wati 5 ni nyingi tayari, na mwenye nyumba atakuja kugonga mlango. Kwa bendi yenye drams zisizo na maiki, wati 15 hadi 22 zinatosha kama spika ni nzuri. Kanisani au ukumbini kwenye miksa na spika kubwa, 15 ni tele: weka maiki mbele ya spika ya amplifaya, fundi mitambo afanye yaliyobaki. Wati 40 na kuendelea ni za uwanja wa wazi, kwenye sherehe ambako gitaa halipewi maiki.

Kuna jambo moja linalobadilisha hesabu hiyo kwetu. Anayepiga sebene, rumba, benga au taarab ya kisasa anataka sauti klini, kali juu, isiyokwaruza hata akichapa. Mashabiki wa blues na roki husifia amplifaya ndogo inayokwaruza mapema. Ushauri wao ukiufuata utapata mashine inayochafua kila noti ya solo yako. Kwa muziki huo chagua wati nyingi kuliko unavyodhani unahitaji. Kama bajeti haifiki, amplifaya nzuri ya transista itakufaa kuliko tyubu ndogo, na sioni aibu kusema hivyo katika mwongozo wa tyubu.

Hatua ya 2: Jua familia nne

Karibu kila amplifaya ya mtindo huu, iwe ya bei gani, ni mtoto wa mojawapo ya familia hizi.

Ya kwanza ni Fender za "tweed", zilizotengenezwa Fullerton, California, miaka ya 1950, kasha likiwa limevishwa kitambaa cha rangi ya majani makavu. Ndogo yao ni Champ ya sakiti 5F1: tyubu ndogo ya 12AX7 moja, tyubu ya nguvu ya 6V6 moja, rektifaya (inayogeuza umeme wa AC kuwa DC) ya 5Y3, spika ya inchi 8, na nobu moja tu ya volyumu. Kaka yake ni Deluxe ya 5E3, iliyotoka kati ya 1955 na 1960, yenye 6V6 mbili, wati zipatazo 12 na spika ya inchi 12. Ina tabia yake: volyumu za chaneli mbili zinaathiriana hata ukiwa umechomeka gitaa kwenye chaneli moja, na ukiifungua sana besi inalegea. Kwa gitaa lenye pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) za koili moja ni raha tupu. Kwa pikapu nzito za hambaka, zenye koili mbili, inaweza kugeuka matope. Mpiga solo wa rumba aipishe.

Ya pili ni Fender zenye paneli nyeusi, za 1963 hadi 1967: Princeton Reverb, Deluxe Reverb, Twin Reverb. Sauti ya juu inang'aa, ya kati imepunguzwa, besi imekaza. Ndani kuna mwangwi wa springi, na pia tremolo (volyumu inayopanda na kushuka yenyewe) ambayo paneli yenyewe imeiandika "vibrato". Deluxe Reverb ni wati 22 kwa 6V6 mbili. Twin Reverb ni wati 85 kwa 6L6 nne na spika mbili za inchi 12. Hii ndiyo familia ninayompendekezea mtu wa dansi, benga au sebene. Deluxe ikitosha, chukua Deluxe. Twin ni tamu, lakini ina kilo kama 29, na kuipandisha ngazi hadi ghorofa ya tatu si mchezo. Dokezo kwa mwenye bajeti ndogo: kampuni ya CBS iliinunua Fender mwaka 1965, na baadaye paneli zikawa za rangi ya fedha. Watu wanazikimbia za paneli hizo kwa sababu ya jina, ingawa Deluxe Reverb na Princeton Reverb nyingi za mwanzo wa kipindi hicho zinakaribiana sana na za paneli nyeusi, kwa bei ya chini.

Ya tatu ni Vox AC15 na AC30. Alizichora Dick Denney kwa kampuni ya JMI ya Tom Jennings, mjini Dartford, Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1950. Zinatumia EL84, mbili kwa AC15 na nne kwa AC30, na hatua ya mwisho haina ule mrejesho hasi (sehemu ya sauti inayorudishwa nyuma kupunguza mikwaruzo) unaoinyoosha sauti ya Fender. Matokeo yake akodi zinametameta na kila uzi unasikika. Wapigaji wa nyimbo za kuabudu wanaotumia pedali za dilei (zinazorudia sauti kama mwangwi) wanazipenda, na wana haki. AC30 ya spika mbili inazidi kilo 30.

Ya nne ni Marshall. Mwaka 1962, dukani kwa Jim Marshall, Hanwell, magharibi mwa London, Ken Bran na Dudley Craven walikopi sakiti ya Fender Bassman 5F6-A wakitumia vifaa vilivyopatikana Uingereza. Ikazaliwa JTM45. Tyubu ya kwanza ilibadilishwa kutoka 12AY7 hadi ECC83 (jina la Ulaya la 12AX7) yenye kukuza zaidi, na spika za Celestion zikaleta sauti ya kati iliyobeba roki yote iliyofuata. Ni kelele tupu. Kwa nyumbani sahau.

Hatua ya 3: Chungulia nyuma ya kasha

Kwanza hakikisha ni ya tyubu kweli. Kuna amplifaya za transista zilizowekewa 12AX7 moja kwa ajili ya tangazo, taa nyekundu ikiwa nyuma yake ili ionekane inawaka. Hesabu chupa: lazima kuwe na angalau tyubu moja kubwa ya nguvu, kama 6V6, 6L6, EL84 au EL34. Pia usichanganye na Fender Tone Master, iliyotoka mwaka 2019: sura ni ya Deluxe Reverb, ndani ni dijitali. Si mashine mbaya. Ina kilo kama 10 badala ya 19, na kwa anayesafiri na bodaboda huenda ndiyo chaguo la busara. Mradi ujue unanunua nini.

Kisha tazama rektifaya. Ya tyubu, kama 5Y3 au GZ34, hulegea kidogo ukichapa nyuzi kwa nguvu, na sauti inabanwa kwa utamu. Ya dayodi haitikisiki. Kwa solo za haraka dayodi ina faida, hata kama wapenzi wa vya kale watanuna.

Uliza pia kuhusu bayasi, yaani kiasi cha mkondo kinachopita kwenye tyubu za nguvu zikiwa zimetulia. Bayasi ya kathodi, iliyomo kwenye tweed ndogo na Vox, inajirekebisha yenyewe: unachomeka tyubu mpya za aina ileile na kuendelea. Bayasi isiyobadilika, iliyomo kwenye Deluxe Reverb, Twin na Marshall, inahitaji fundi na multimita kila unapobadilisha tyubu za nguvu. Kama mjini kwenu hakuna fundi wa namna hiyo, hilo peke yake linaweza kukuamulia.

Kuhusu waya zilizounganishwa kwa mkono dhidi ya ubao wa sakiti uliochapwa, usilipie sauti, lipia matengenezo. Fundi yeyote mwenye chuma cha kulehemu ataweza kufungua ubao wa mkono na kubadilisha rezista moja. Ubao uliochapwa, hasa ukiwa na soketi za tyubu zilizobandikwa juu yake, hupasuka viungo kwa joto.

Hatua ya 4: Spika kabla ya tyubu

Watu hutumia pesa nyingi wakibadilisha chapa za 12AX7 ili kusikia tofauti ndogo, huku spika ya bei rahisi ikiwa imekaa palepale. Badilisha spika kwanza. Celestion Blue ina desibeli 100 kwa wati moja kwenye mita moja. Greenback ina 98. Nyingi za bei rahisi ziko chini ya hapo, na kila desibeli 3 unazopata ni sawa na kuongeza wati maradufu. Lakini angalia uwezo wake: Blue inabeba wati 15 tu, Greenback 25. Usiweke Blue moja kwenye AC30 ukaifungua yote.

Omu (kipimo cha ukinzani wa spika) lazima zilingane: amplifaya ya omu 8 ipewe spika ya omu 8. Na kamwe usiwashe amplifaya ya tyubu bila spika kuchomekwa, kwa sababu transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Ya transista husamehe hilo; ya tyubu haisamehi.

Hatua ya 5: Umeme, ambao ndio unaoua amplifaya nyingi

Tanzania ni volti 230, Kenya na Uganda 240, zote hezi 50. Marekani ni volti 120 na hezi 60. Japani ni volti 100. Mzigo wa mitumba kutoka Japani unaingia kila wiki, na ndani yake amplifaya huwa hazikosekani. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuuliza bei. Iliyonunuliwa Muscat au Dubai kwa kawaida itakuwa ya volti zetu. Ya Marekani au Japani, mara nyingi hapana.

Ikiwa imeandikwa 120V, uliza kama transfoma yake ya umeme ina njia ya volti 230 au 240. Baadhi ya matoleo ya kuuzwa nje yana swichi au waya wa kubadilishia, na fyuzi nayo hubadilika: thamani ya fyuzi ya 240 ni kama nusu ya ile ya 120. Ikiwa hakuna njia hiyo, utahitaji transfoma ya kushushia. Chagua ya VA (kipimo cha uwezo wa transfoma) 500 kwa Twin, 300 kwa ndogo zaidi, maana amplifaya ya tyubu inakula wati mara kadhaa ya zile inazotoa. Ya Japani ya volti 100 isipachikwe kwenye transfoma ya 120: kila volti ndani itapanda kwa asilimia 20, na nyuzi za tyubu zitakufa mapema. Pia transfoma iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee hupata joto zaidi kwenye hezi 50. Iguse baada ya saa moja. Ikiwa mkono hauwezi kukaa juu yake, usiendelee.

Jenereta za kwenye sherehe zinapanda na kushuka volti kila mpishi anapowasha kitu. Stebilaiza nzuri ni sehemu ya bei ya amplifaya, si pambo. Inveta ndogo za mawimbi ya mraba zitakupa mngurumo usiokwisha. Tafuta yenye mawimbi safi.

Halafu kuna ethi, yaani waya wa ardhini. Amplifaya nyingi za Marekani za kabla ya miaka ya 1970 zina waya wa pini mbili, swichi ya "ground", na kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme) iliyounganisha chesi, yaani sanduku la chuma la ndani, na waya wa umeme. Kapasita hiyo ikifa, nyuzi za gitaa lako zinakuwa na umeme wa ukutani. Fundi aiondoe na afunge waya wa nyaya tatu wenye ethi kabla hujapiga hata noti moja. Na usikate pini ya ethi ili kuondoa mngurumo. Ukiwa ukumbini, kabla ya kuimba, weka multimita kwenye volti za AC: ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye wavu wa maiki. Ikisoma zaidi ya volti chache, usiguse maiki hadi fundi umeme aangalie soketi.

Hatua ya 6: Kukagua iliyotumika

Nenda mchana, na multimita, na gitaa lako.

Kabla ya kuwasha, chomoa umeme na uangalie. Transfoma iliyovuja nta nyeusi imewahi kuungua. Toa fyuzi: ikiwa imefungwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara au ni kubwa kuliko ilivyoandikwa, kuna mtu alikuwa anaficha tatizo. Kama unaambiwa ni ya kale, soma namba zilizogongwa kwenye potenshiomita (kipande kinachozungushwa na nobu) na fremu ya spika. Tarakimu tatu za kwanza ni za mtengenezaji, 137 kwa CTS na 220 kwa Jensen. Zinazofuata ni mwaka na wiki. 137-6523 ni CTS ya wiki ya 23 ya mwaka 1965. Namba za miaka tofauti si uwongo lazima, ila ni sababu ya kushusha bei.

Usitie mkono ndani ya chesi. Kuna volti 300 hadi 500 za DC, na kapasita huzishika hata baada ya kuchomoa waya.

Ikiwa imekaa stoo miaka mingi, isiwashwe moja kwa moja. Fundi mzuri ataiunganisha mfululizo na balbu ya zamani ya waya ya wati 60 au 100. Balbu ikiwaka sana kisha ikafifia, vizuri. Ikibaki inawaka kwa nguvu, ndani kuna shoti.

Ikiwaka, tazama tyubu. Mwanga wa rangi ya chungwa ndani ni wa kawaida. Mwanga wa bluu kwenye kioo mara nyingi hauna shida. Bati la ndani likianza kuwa jekundu, zima mara moja. Doa la fedha juu ya kioo likiwa limegeuka jeupe, hewa imeingia na tyubu hiyo imekufa. Gonga kila tyubu ndogo kwa penseli: inayolia kwenye spika kama kengele ibadilishwe. Mngurumo mzito wa daima unaonyesha kapasita za kuchuja zimechoka, na hilo ni la kawaida baada ya miaka 15 au 20. Lipige bei, si kukimbia. Nobu zinazokwaruza huweza kuwa na vumbi tu, hasa pwani, ambako chumvi ya hewa hula jeki na potenshiomita. Mwisho, sukuma koni ya spika polepole kwa vidole vilivyosambaa sawasawa. Ikisuguana, koili imepinda.

Hatua ya 7: Isikilize

Piga kwa gitaa lako na pedali zako, si gitaa la dukani. Anza na volyumu kwenye 3, kisha 5, kisha 7, ukibaki kwenye mlolongo uleule wa akodi, na ukumbuke ni namba gani iliyoanza kukwaruza. Halafu simama mita nne mbele, urefu wa kiuno. Wengi husikiliza wakiwa wamesimama juu ya amplifaya, spika inapiga magoti yao, na wanaongeza treble hadi watazamaji wa mbele wanaziba masikio.

Hatua ya 8: Tyubu za akiba na fundi

Kabla ya kulipa, jua utanunua wapi tyubu. Leo zinatoka hasa JJ ya Slovakia, Urusi (chini ya majina kama Electro-Harmonix, Tung-Sol na Sovtek) na Uchina. Mwaka 2022 Urusi ilizuia usafirishaji kwa muda, na wauzaji wengi wakaishiwa. Kwa hiyo agiza akiba pamoja na amplifaya: seti moja ya tyubu za nguvu zilizolinganishwa, 12AX7 mbili, rektifaya moja, na fyuzi kumi za thamani sahihi. Tyubu ndogo hudumu miaka mingi. Za nguvu, kwa anayepiga kila wiki, hesabu mwaka hadi miwili. 6V6 na EL84 ni rahisi kupata kuliko KT66, tyubu nyingine kubwa ya nguvu, na hilo nalo ni kigezo cha kuchagua.

Waya wa spika uwe wa spika, usitumie waya wa gitaa. Ukizima, iache ipoe dakika kumi kabla ya kuipandisha garini, kwa sababu nyuzi za tyubu zikiwa moto hazipendi mtikisiko wa barabara zetu. Na ukiishi Dar, Mombasa au Unguja, iwashe angalau mara moja kwa wiki hata kama hupigi. Joto lake hukausha unyevu unaoleta ukungu kwenye koni na kutu kwenye soketi za tyubu.